Je, wajua kwa nini Dodge Charger Daytona ya 1969 ina bawa refu vile?

Ukiiona Dodge Charger Daytona kwa mara ya kwanza lazima uulize hili swali. Gari ya mwaka 1969, pua ndefu imechongoka, taa zimefichwa ndani zinainuka ukiziwasha, alafu nyuma kuna bawa limesimama juu ya nguzo mbili karibu sentimita 58 kutoka kwenye buti. Na wala sio gari ya mashindano peke yake, hii ilisajiliwa ikapewa namba za barabarani, mtu aliingia kwa dila wa Dodge akalipa kama dola 4,000 akaondoka nayo kwenda kazini.

Wengi hujibu haraka kwamba ni mbwembwe tu za Wamarekani wa miaka ile. Sio kweli. Kila kitu cha ajabu kwenye hiyo gari kina sababu, na ukifuatilia unakuta sababu zenyewe ni mbili, hewa na sheria za mashindano, na mimi naona sheria ndo ilifanya kazi kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani, maana bila sheria hiyo gari isingeuzwa kwa raia hata moja.

Iko hivi. Miaka ya 60 kule Marekani mashindano ya NASCAR, shirika linaloendesha mbio za magari, yalikuwa ya magari yanayotokana na yale ya kwenye shoo rumu. Kampuni za magari za Detroit ziliyapenda sana kwa sababu za biashara, walikuwa na msemo wao kwamba ushinde Jumapili uuze Jumatatu. Sasa ili kampuni isije na chombo cha siri kilichotengenezwa kimoja tu, NASCAR waliweka masharti kwamba muundo wowote unaotaka kuuleta uwanjani lazima kwanza utengeneze gari za kuuzia wananchi, na mwaka 1969 idadi iliyotakiwa ilikuwa 500. Kwahiyo ukitaka gari yako ya mashindano iwe na pua ya ajabu, mteja wa kawaida naye umuuzie pua hiyohiyo.

Dodge walikuwa na shida kubwa. Charger ya 1968 ni kati ya gari nzuri zaidi kuwahi kutoka Detroit, hilo nalisema bila kusitasita, lakini kwenye upepo ilikuwa janga. Grili yake imeingia ndani, kwahiyo hewa inajaa pale mbele badala ya kupita, na kioo cha nyuma kimezama katikati ya nguzo mbili za paa, hewa ikifika pale inavurugika inaanza kuzunguka. Injini walikuwa nayo, Hemi ya lita 7, nguvu za kutosha kabisa, ila gari ikifika kasi kubwa inakuwa nyepesi barabarani na dereva anaanza kupambana na usukani.

Kwa nini iwe nyepesi? Hewa inayopita juu ya gari inalazimika kuzunguka umbo lililopinda, inaongeza kasi na mgandamizo wake unashuka, wakati huohuo hewa nyingine inaingia chini ya bampa inasukuma kwenda juu. Toa mkono nje ya dirisha la basi linalokimbia, uinue kidogo upande wa mbele wa kiganja, utauona mkono wenyewe unapanda. Na nguvu hiyo haiongezeki polepole, ukiongeza kasi mara mbili inakua mara nne, kwahiyo gari iliyotulia vizuri kwa kilomita 150 kwa saa inaweza kuwa kitu kingine kabisa kwa kilomita 300.

Walijaribu kwanza dawa ndogo. Wakatoa Charger 500, jina likitokana na zile gari 500 za sheria, grili wakaisogeza mbele iwe sawa na mwili wa gari na kioo cha nyuma wakakilaza kikafuata mteremko wa paa. Ilisaidia, ila Ford nao hawakulala, wakaja na Torino Talladega yenye pua iliyorefushwa na kulainishwa, na LeeRoy Yarbrough akashinda Daytona 500, mbio kubwa ya NASCAR, ya Februari 1969 akiwa na Ford, akimpita Charlie Glotzbach wa Dodge kwenye mzunguko wa mwisho. Kushindwa namna hiyo kulichoma. Chrysler, ambao ndo wenye Dodge na Plymouth, wakaamua kuacha kubembeleza umbo la Charger na kulishughulikia kama watu wa ndege wanavyofanya.

Ndani ya miezi michache wahandisi wao walipima vimodeli vidogo kwenye handaki la upepo, yaani chumba kinachopulizwa hewa kwa nguvu kuona inavyopita kwenye umbo, la chuo kikuu cha Wichita State, wakapima gari ya ukubwa kamili kwenye handaki la Lockheed kule Georgia, alafu wakaenda kuikimbiza kwenye uwanja wao wa majaribio wa Chelsea, Michigan. Kilichotoka ni pua ya chuma yenye urefu wa karibu sentimita 46 iliyobandikwa mbele ya Charger, chini yake kuna kikinga hewa kidogo, na ile hewa iliyokuwa inajaa kwenye grili sasa inakatwa na kugawanywa, nyingi inapita juu na pembeni, kidogo tu inaingia chini.

Pua ilifanya kazi vizuri sana. Ikatokea hali mpya, mbele sasa kumekandamizwa barabarani na nyuma bado kwepesi, na gari yenye nyuma nyepesi kwenye kona ndo ile inayozunguka ghafla ikaangalia ilikotoka. Kwahiyo lile bawa sio kitu kilichoongezwa baadaye kwa ajili ya urembo, linaendana na pua, ukiweka moja bila lingine umeharibu gari. Bawa lenyewe ni la alumini, umbo lake ni la bawa la ndege lililogeuzwa juu chini, hewa badala ya kuliinua inalikandamiza, na pembe yake inarekebishwa kulingana na uwanja.

Sasa tuje kwenye urefu wenyewe. Kuna hadithi inapendwa sana na mashabiki, kwamba liliinuliwa hivyo ili buti ifunguke. Na ni kweli buti ya Daytona inafunguka katikati ya zile nguzo na kupita chini ya bawa bila kugusa, na kumbuka hii ni gari lazima iuzwe kwa raia, raia anataka kuweka begi na tairi la akiba, kwahiyo buti isiyofunguka ilikuwa haiwezekani. Ila hewa nayo ilikuwa inataka bawa liwe juu. Nyuma ya paa la gari hewa imeshachafuka, ina mizunguko, na bawa lililokaa chini linakula hewa mbovu, wakati ukilipandisha linakutana na hewa safi inayotiririka moja kwa moja. Alafu kuna zile nguzo, watu wanazisahau. Zimesimama wima pande mbili kule mwisho kabisa, gari ikianza kuteleza upande upepo unazipiga ubavuni na kuirudisha nyuma ya gari kwenye mstari, kazi ileile ya mkia wa wima wa ndege. Kwa maoni yangu hizo nguzo zinastahili sifa sawa na bawa lenyewe.

Gari za barabarani zilikusanywa na kampuni ya Creative Industries ya Detroit, na idadi inayotajwa ni 503. Tatu zaidi ya sheria! Hapo ndo unaelewa kwamba Dodge hawakuwa wanatafuta wateja, walikuwa wanatafuta ruhusa ya kushindana.

Ilizinduliwa uwanjani Septemba 1969 kule Talladega, Alabama, kwenye uwanja mpya kabisa wenye mzunguko wa kilomita 4.28 na kona zilizoinama nyuzi 33. Glotzbach akapiga maili 199.466 kwa saa kwenye majaribio ya kupanga nafasi, ni kama kilomita 321. Shida ikawa tairi. Kasi ilikuwa imeruka mbele ya teknolojia ya tairi, zikawa zinachanika baada ya mizunguko michache tu, na madereva wakubwa wakiongozwa na Richard Petty wakakataa kukimbia wakaondoka. Mashindano yalifanyika bila wao, akashinda Richard Brickhouse na Daytona. Kwahiyo ushindi wa kwanza wa hiyo gari ulipatikana wakati wababe wengi wa mchezo wako njiani kurudi nyumbani, na mimi siwalaumu hata kidogo, mtu hawezi kuweka roho yake juu ya tairi linalochanika.

Tarehe 24 Machi 1970 Buddy Baker alirudi Talladega na Daytona ya majaribio yenye namba 88 akapiga wastani wa maili 200.447 kwa saa, kilomita 322 na kitu, wa kwanza kwa gari za NASCAR kuvuka maili 200 kwenye uwanja wa mzunguko. Mwaka huohuo Plymouth wakaja na dada yake, Superbird, iliyotokana na gari yao ya kawaida Road Runner, na sababu moja kubwa ilikuwa kumrudisha Petty aliyewakimbia akaenda Ford mwaka 1969. Alirudi. Ukizitazama kwa haraka utadhani ni gari moja ila pua sio ileile na nguzo za bawa la Superbird zimelala zaidi kwa nyuma. Na safari hii NASCAR walikuwa wameongeza masharti, kampuni itengeneze gari moja kwa kila madila wawili ilionao, kwahiyo Superbird zikatoka karibu 2,000. Pete Hamilton akashinda nayo Daytona 500 ya 1970. Ubingwa wa mwaka ukaenda kwa Bobby Isaac na Daytona nyekundu namba 71 ya timu ya K&K Insurance, fundi mkuu akiwa Harry Hyde. Ford walianza kutengeneza jibu lao, Torino King Cobra, ikaishia kwenye sampuli chache tu.

Alafu NASCAR wakafunga mlango. Kwa msimu wa 1971 gari zenye maumbo haya ziliruhusiwa tu zikiwa na injini isiyozidi lita 5, wakati wengine wanaendelea na lita 7. Hawakuandika kwamba ni marufuku ila ilikuwa marufuku. Daytona 500 ya 1971 ilikuwa na gari moja tu yenye bawa, Dodge Daytona ya Dick Brooks yenye ki-injini kidogo, na ikamaliza ya saba, jambo ambalo kwangu mimi ni ushahidi mzuri kuliko wote kwamba umbo lile lilikuwa linafanya kazi.

Isaac na Hyde walibaki na gari bingwa ambayo haina tena pa kushindania kwa nguvu zake zote. Septemba 1971 wakaipeleka Bonneville, jimbo la Utah, karibu na mpaka wa Nevada. Pale ni kitanda cha ziwa la kale lililokauka, kimebaki chumvi tupu nyeupe imetandaa kilomita na kilomita, kila majira ya baridi maji yanaifunika na kiangazi yanakauka na kuiacha imenyooka, ndo maana watu wa kasi wanaenda kule kuanzia Agosti. Miaka 6 kabla, Novemba 1965, ndugu wawili wa familia ya Summers walikuwa wamekimbiza palepale chombo chao Goldenrod, kimebeba injini nne za Hemi za Chrysler, wakapata maili 409.277 kwa saa. Ile ilikuwa sindano iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja. Isaac alienda na gari ya NASCAR. Chumvi inateleza na inavuta tairi, na mahali penyewe pako juu kama mita 1,280 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi injini inapoteza nguvu, lakini walivunja rekodi 28, na kwenye maili moja inayopimwa gari ikiwa tayari imeshika kasi alipata maili 216.946 kwa saa, karibu kilomita 349. Gari yenye milango, paa na umbo ambalo dila alikuwa anauza!

Kumbuka wakati hayo yanatokea zile za barabarani zilikuwa zinachacha kwa madila. Wateja wengi waliziona za ajabu mno, Superbird hasa ilikaa uani kwa muda mrefu, na kuna madila waliong'oa pua na bawa wakazirudisha kuwa Road Runner za kawaida ili ziondoke. Unafikiria hivyo leo unaumia roho, kwa sababu zile zenye injini ya Hemi zilikuwa chache, Daytona 70 na Superbird 135, na miaka ya karibuni nzuri zake zimeuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja.

Bei ikifika hapo feki zinakuja, maana pua na bawa vinatengenezwa upya na Charger ya kawaida inaweza kuvikwa. Mnunuzi makini anaanza na namba ya chasisi, Daytona inatakiwa ianze na XX29, na hapo bado hajamaliza kwa sababu Charger 500 nazo zina herufi na namba hizohizo. Kwa Superbird angalia paa, zote zilitoka na vinaili nyeusi, kifuniko cha plastiki kama ngozi, juu, iliwekwa kuficha alama za kuchomelea pale kioo cha nyuma kilipobadilishwa. Ukiletewa yenye paa tupu lililopakwa rangi tu, basi kuna mtu kaigusa baada ya kiwanda, uliza ilikuwaje kabla hujatoa hela.