Bahari ya Hindi na Tanzania: tunayoambiwa na yaliyokuwepo

Wengi tulifundishwa kwamba historia ya bahari yetu inaanza na Vasco da Gama, baharia Mreno, mwaka 1498. Si kweli. Alikuta bahari yenye wenyewe. Mabaharia wa pwani na wenzao wa Arabuni, Uajemi na India waliishi kwa kalenda ya pepo: kaskazi iliwaleta wageni kuanzia Desemba hivi, kusi ikawarudisha kuanzia Aprili. Da Gama mwenyewe alivuka kutoka Malindi hadi Calicut, India, kwa siku 26 tu, kusi ikimsukuma, chombo kikiongozwa na rubani aliyepewa na mtawala wa Malindi. Wakati wa kurudi hakusubiri kaskazi. Alikaa baharini karibu miezi mitatu, na wengi katika watu wake wakafa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Mimi naona safari hiyo moja inatosha kuonyesha nani alikuwa anaijua bahari hii.

Dhana ya pili inaniuma zaidi: kwamba Kilwa na miji mingine ya mawe ilijengwa na wageni, wenyeji wakitazama. Waakiolojia waliochimba Kilwa Kisiwani walikuta, chini ya kuta za matumbawe, mabaki ya nyumba za miti na udongo za karne zilizotangulia. Wageni walikuja kweli, wakaoa, wakaleta na dini. Utafiti wa DNA ya mifupa ya kale uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha damu ya Kiafrika na ya Kiajemi zikichanganyika tangu karibu mwaka 1000, upande wa akina mama ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa. Watoto wakashika lugha ya mama zao. Ndiyo maana Kiswahili, pamoja na maneno yake yote ya Kiarabu, sarufi yake ni ya Kibantu.

Na wapo wanaodhani bahari ni habari ya watu wa pwani peke yao. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilitoka bara kupitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo. Sarafu ya sultani wa Kilwa imepatikana Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe ulio mbali na bahari, katika Zimbabwe ya leo. Karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, Wanyamwezi wakibeba pembe za ndovu mabegani. Njia hizohizo zilipitisha watu waliofungwa minyororo, kuelekea soko la Zanzibar ambalo halikufungwa hadi 1873.