Je, wajua kwa nini gorogoro ya mahindi ilipanda bei vyama vingi viliporudi?

Sokoni Kibuye, Kisumu, mahindi hupimwa kwa gorogoro, kopo la takribani kilo mbili. Kopo ni lilelile. Kinachobadilika ni shilingi za kulijaza. Mwaka 1993 mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika karibu asilimia 46. Kilichonunuliwa kwa shilingi 100 kikawa 146, na mwalimu ambaye mshahara wake haukusonga akabaki na uwezo wa kununua kama theluthi mbili tu ya alivyozoea. Na hapo wananchi walikuwa ndio kwanza wamepiga kura ya vyama vingi, Desemba 29, 1992.

Lawama si ya demokrasia. Ni ya noti. Wafadhili walikuwa wamezuia misaada tangu Novemba 1991, na kampeni zikaja zikihitaji pesa. Fedha zikaingia mitaani bila kutokana na kodi wala mauzo, nyingine kupitia sakata ya Goldenberg, ambapo serikali ililipa fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo hazikuwapo. Noti ya mia tano watu waliiita "Jirongo", jina la mwanasiasa kijana wa Lugari aliyeongoza YK'92, kundi la vijana wa chama tawala cha KANU lililompigia debe Rais Moi.

Wakati uleule mahindi yalipungua. Ukame ulipiga, na mapigano ya kikabila yakawatoa wakulima mashambani Molo na Burnt Forest, huko Bonde la Ufa. Noti nyingi zikakimbizana na magunia machache. Dola nayo ikatoka takribani shilingi 36 mwishoni mwa 1992 hadi 68 mwaka mmoja baadaye, na dizeli na mbolea hununuliwa kwa dola.

Benki Kuu ilizirudishaje noti hizo? Kwa kuuza hati za mkopo za serikali za siku 91, na katikati ya 1993 riba yake ilipita asilimia 70 kwa mwaka. Piga hesabu: kwa riba ya asilimia 70, benki ya biashara inatoa kama shilingi 85,000 leo, na baada ya siku 91 inalipwa 100,000. Ile 85,000 inatoka kwenye mzunguko, na bei zinaanza kupoa.

Ila sasa mtazame mkulima wa Njoro anayetaka mkopo wa mbolea. Benki imkopeshe yeye, anayetegemea mvua, kwa nini, wakati serikali inalipa kiasi hicho bila hatari yoyote? Akakosa mkopo, na riba ya hati zile ikalipwa kwa kodi, yake ikiwemo. Benki Kuu ilihitaji njia ya haraka, lakini haikuwa haki kwa mkulima huyo. Uchumi ulikua kwa chini ya asilimia moja mwaka huo.

Kulikuwa na hatua nyingine, isiyosimuliwa sana, iliyogusa gorogoro moja kwa moja. Zamani ukivusha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine zaidi ya magunia machache, ulihitaji kibali cha Bodi ya Nafaka. Ukikosa, mzigo ulikwama kwenye kizuizi cha polisi, au ulipita kwa hongo, na hongo ile ilimfikia mnunuzi wa Kibuye ndani ya bei. Mwishoni mwa 1993 vibali hivyo vilifutwa. Lori la Kitale likaweza kushuka hadi Kisumu likiwa limejaa, mchana kweupe.