Meno marefu hayamaanishi tairi jipya

Simama Kirinyaga Road, Nairobi, mbele ya duka la spea za pikipiki uone: mteja anachomeka ukucha kwenye meno ya tairi, anatikisa kichwa kwa kuridhika, analipa. Meno marefu, basi tairi ni zuri. Sivyo. Mpira huzeeka hata ukiwa umetundikwa tu dukani. Jua na hewa huukausha hadi ukawa mgumu. Na tairi gumu halishiki lami iliyolowa, jambo ambalo mwenye boda huligundua mvua ya Aprili ikimkuta Mombasa Road na abiria mgongoni.

Umri umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, uzifuate hadi tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine tarehe iko upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze, muuzaji anune asinune. Ukiona nyufa ndogondogo kati ya meno, mrudishie.

Kipimo hakina maneno mengi: pikipiki ikiwa ilitoka kiwandani na tairi la 3.00-18 (upana inchi 3, rimu inchi 18), nunua 3.00-18. Pana zaidi, hata likipendeza, laweza kusugua mnyororo. Tyubu nayo ibadilishe. Ya zamani imeshatanuka, hujikunja ndani ya tairi jipya na kutoboka.