Je, wajua kwa nini feni ya AC ya gari hufanya kazi namba 4 tu?

Unaweka 1 kimya, 2 kimya, 3 kimya, ukifika 4 inavuma kama kusi. Gari nyingi za Kijapani hapa Unguja na Pemba zinapata ugonjwa huu na watu wanakimbilia kujaza gesi, wakati gesi haihusiani kabisa na kasi ya feni, pesa zinapotea bure na inauma.

Iko hivi. Mota ya feni inatumia umeme wa betri wa volti 12. Ukiweka 4 umeme unakwenda moja kwa moja, lakini 1 mpaka 3 unapitia kwanza kwenye rezista, kidude kinachoupunguza, na ule uliopunguzwa unageuka joto. Ndo maana rezista wameiweka ndani ya njia ya upepo ili feni yenyewe iipoze, na mara nyingi ina kifyuzi cha joto, joto likizidi kinakatika, namba za chini zote zinakufa, inabaki 4.

Sasa wengi wanabadilisha rezista wanamaliza hapo, baada ya muda inaungua tena! Jiulize kwanza ilipata wapi joto lile. Mara nyingi ni mota imechoka, bushi zimekauka, vumbi na majani ya mwembe unaoegesha chini yake yameingia, au chujio limeziba upepo haupiti. Mota inayozunguka kwa uzito inavuta umeme mwingi na anayeumia ni rezista. Ukiona plagi yake imebabuka rangi ya kahawia, ushapata jibu.

Kuitoa mota unaweza mwenyewe nyumbani. Kwenye Toyota nyingi zenye usukani kulia, mota iko upande wa abiria, juu ya miguu yake, nyuma ya droo ya dashibodi. Zima gari, toa waya wa hasi wa betri, bana mbavu za droo ishuke, chomoa plagi, fungua skrubu zake, mara nyingi tatu, huku umeishika kwa chini isikuangukie. Izungushe kwa mkono: ikikwaruza au ikigoma, badilisha. Dukani nenda na ile ya zamani mkononi ulinganishe plagi, ukubwa wa gurudumu na upande inaozungukia, khasa ukinunua ya mtumba. Safisha na chujio hapo hapo.

Nchi za baridi mota hii hii ndo inayosukuma hewa ya moto ya hita. Sie hita hatuna haja nayo, lakini masika kioo cha mbele kikijaa ukungu ndani, feni pamoja na AC ndo vinavyokikausha, kwa hiyo usiidharau, ni usalama wako na wa uliowapakia.

Gari yenye AC ya kubonyeza inayojirekebisha yenyewe kwa kawaida haitumii rezista ya namna hii, hiyo mpelekee fundi umeme aipime.