Kilatini, Kigiriki na Mwombaji wa Nairobi: Dhana Potofu na Ukweli

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, yanapotangazwa na wazazi wa Nairobi wakaanza kupiga hesabu za alama na karo, hutokea mwanafunzi mmoja au wawili wanaosema wanataka kusoma klasiki, yaani lugha, fasihi, historia na falsafa ya Wagiriki na Warumi wa kale, na mara nyingi ndoto hiyo huzimwa mezani kabla chai haijapoa. Nimefundisha Kiswahili na historia katika shule za sekondari za jiji hili kwa miaka mingi, na nimewasaidia vijana kadhaa kuandaa maombi yao. Kinachowakwamisha wengi ni habari zisizo sahihi, tena walizopewa na watu wanaowapenda.

Dhana ya kwanza, na ndiyo iliyoenea kuliko zote, ni kwamba asiyesoma Kilatini shuleni hawezi kupokelewa. Ukweli ni kwamba Chuo Kikuu cha Cambridge kina kozi ya klasiki ya miaka 3 kwa wanaokijua Kilatini, na kando yake kozi ya miaka 4 kwa wasiokijua, ambayo mwaka wake wa kwanza hutumiwa hasa kujifunza lugha hiyo. Oxford nayo, ambako kozi huchukua miaka 4, hupokea waombaji ambao hawajawahi kusoma Kilatini wala Kigiriki. Huko Marekani, idara ya klasiki ya Princeton iliondoa mwaka 2021 sharti la kusoma Kilatini au Kigiriki kwa wanaobobea katika somo hilo, jambo ambalo binafsi sikulifurahia, kwa maana utamu wa somo hili umo ndani ya lugha zenyewe. Milango hii haikufunguliwa kwa ajili ya Wakenya. Hata Uingereza kwenyewe shule nyingi za serikali hazifundishi Kilatini, na vyuo vinatambua kwamba kipaji hakichagui shule. Wanachotafuta kwa anayeanza ni dalili kwamba anasoma kwa kina na anaweza kujifunza lugha mpya kwa kasi.

Kosa lingine huenda upande wa pili, pale mtu anapodhani kwamba alama A za KCSE zinatosha popote. Gredi ya C+ humwezesha mtahiniwa kuomba shahada humu nchini kupitia KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, lakini kwa Oxford au Cambridge KCSE peke yake haitoshi, na mwombaji huhitaji A-level (mtihani wa kidato cha sita wa Uingereza), IB (diploma ya kimataifa ya sekondari) au sifa inayolingana nazo. Kenya iliachana na A-level ulipoingia mfumo wa 8-4-4, kwa hiyo anayetaka njia hiyo hulazimika kuifuata katika shule za mtaala wa kimataifa au kuanza na mwaka wa maandalizi kabla ya shahada katika vyuo vinavyoutoa. Vyuo vingi vya Marekani hupokea KCSE, na kwa kawaida mwanafunzi huko hachagui somo la kubobea hadi mwishoni mwa mwaka wa pili. Wala si lazima kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, kimefundisha klasiki tangu kilipoanzishwa mwaka 1948, na Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, kina idara inayounganisha falsafa na klasiki. Hapa Nairobi, Kigiriki na Kiebrania hufundishwa katika masomo ya theolojia.

Nije sasa kwenye dhana inayonigusa zaidi, ile isemayo kwamba lugha hizi ni ngumu mno kwa mtoto aliyekulia Kiswahili. Siku moja niliketi maktabani na binti wa kidato cha nne aliyekuwa amefungua kitabu cha Kilatini kwa mara ya kwanza, naye alikuwa karibu kukifunga. Nilimwandikia neno moja daftarini, amabunt, nikamweleza kwamba ama ni penda, bu ni wakati ujao, nt ni wao. Akaandika chini yake watapenda, akaitenga wa, akaitenga ta, kisha akanyamaza akiyatazama maneno yale mawili. Kiingereza huhitaji maneno matatu kusema jambo hilo, ilhali Kiswahili na Kilatini hulifunga ndani ya neno moja. Tuliendelea: kitabu kizuri, vitabu vizuri, liber bonus, libri boni. Sifa kubadilika kufuatana na nomino ni jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hulifanya tangu utotoni bila kufundishwa, na mwanafunzi wa London hulishangaa. Hata domi, linalomaanisha nyumbani, hueleweka upesi kwa mtu ambaye kiambishi -ni kimemzoeza kwamba mwisho wa neno unaweza kubeba mahali.

Ugumu upo, na sitauficha. Puer puellam amat maana yake ni kwamba mvulana anampenda msichana, lakini puerum puella amat, kwa mpangilio uleule wa mvulana, msichana, kupenda, ina maana kwamba msichana ndiye anayempenda mvulana. Nani amempenda nani huamuliwa na miisho ya nomino, na miisho hiyo ni mingi, nayo hukaririwa kila siku kwa miezi. Hakuna njia ya mkato hapo. Lakini yule binti alikuwa amekwisha kuona kwamba kazi yenyewe ni ya aina anayoijua.

Nao wanaosema kwamba hizi ni habari za Wazungu tu wanalisahau bara lao wenyewe. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja asiyejulikana jina, aliyeandika kwa Kigiriki kutoka Misri, aliieleza pwani yetu hadi bandari ya Rhapta, jina lililotokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu mashua za huko zilishonwa. Anayeujua mtepe wa Lamu, ambao mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za makumbi bila misumari, hahitaji kuelezwa zaidi. Mwandishi huyo anasema pia kwamba manahodha Waarabu waliofika huku walioana na wenyeji na kuifahamu lugha yao. Mfalme Ezana wa Aksum, dola ya kale ya Ethiopia, katika karne ya nne, aliandikisha ushindi wake kwenye mawe kwa Kigi'izi na kwa Kigiriki. Agostino, aliyeandika Kilatini kinachosomwa hadi leo, alizaliwa katika nchi ambayo sasa ni Algeria, naye anakiri kwamba alichukia Kigiriki shuleni. Hata tunapokalia meza tunatumia neno tulilopewa na Wareno, ambalo wao walilirithi kutoka mensa ya Kilatini. Falsafa, injili na askofu yametoka Kigiriki kupitia Kiarabu.

Haya ndiyo yanayofaa kuingia katika maelezo binafsi, yaani insha ambamo mwombaji hujieleza kwa chuo, ingawa waombaji wengi hudhani sehemu hiyo ni ya kueleza jinsi walivyopenda hadithi za miungu tangu utotoni. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, UCAS, mfumo wa kuomba vyuo vya Uingereza, umegawa maelezo hayo katika maswali matatu: kwa nini unalitaka somo hili, masomo yako yamekuandaaje, na umefanya nini kingine nje ya darasa. Nafasi yote ni herufi 4,000, pamoja na nafasi kati ya maneno. Aya moja inayolinganisha amabunt na watapenda humwambia msomaji mengi kuliko sifa kumi za jumla.

Kuhusu ajira, si kweli kwamba shahada hii humpeleka mtu useminarini tu, kwani waliohitimu hufanya kazi katika sheria, makumbusho, uchapishaji na utumishi wa umma. Hata hivyo anayetaka kufundisha katika shule zetu za serikali ajue kwamba Kilatini hakimo kati ya lugha za KCSE, hivyo ahakikishe ana masomo mengine ya kufundishia na sifa za ualimu.

Limebaki suala la tarehe. Wengi huamini kwamba maombi yote ya Uingereza hufungwa Januari. Ya Oxford na Cambridge hufungwa tarehe 15 Oktoba, saa kumi na mbili jioni ya Uingereza, ambayo Nairobi ni saa mbili usiku, na huwezi kuviomba vyote viwili katika mwaka mmoja. Fomu haitumwi kabla barua ya mwalimu haijaingia. Mwombe mwalimu wako barua hiyo Julai, kwa sababu Agosti shule hufungwa na Septemba walimu wanakimbizana na maandalizi ya mitihani.