Divai Nyepesi ya Beaujolais Si Divai Duni
Wengi huamini kwamba divai nyekundu ya Beaujolais, nchini Ufaransa, ni duni na haihifadhiki kwa sababu ni nyepesi na ina ladha ya matunda. Dhana hiyo imetokana na Beaujolais Nouveau, inayouzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Wepesi huo si uzembe: vichala vizima vya zabibu za Gamay hufungiwa katika matangi yenye kaboni dioksidi, zabibu zikaanza kuchachuka ndani ya maganda yake, hivyo ukakasi hupungua na harufu ya matunda hudumu. Tena Morgon na Moulin-à-Vent, maeneo mawili ya Beaujolais, kwa zabibu hiyohiyo, hutoa divai inayoweza kukomaa chupani miaka 10. Hizo ndizo ningependa zionjwe kwanza.