Ukishuka Dar kutoka Dodoma, usiulize mvua tu

Ndugu na majirani hapa Dodoma wakipanga kushuka Dar es Salaam, swali wanaloniuliza ni moja: "Huko mvua imeisha?" Wananiuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni hali ya hewa, na najua swali linatoka wapi. Kwetu mwaka una vipande viwili. Mvua inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakwenda mpaka Aprili, kisha ni kiangazi na vumbi hadi mwaka unakaribia kwisha. Ukishaijua mvua, umeujua mwaka. Pwani haiendi hivyo. Kule mwaka unaendeshwa na upepo, mvua inafuata nyuma yake, na siku ya kwenda ufukweni inaamuliwa na mwezi wa angani.

Zamani hili halikutuumiza kichwa sana. Mtu alishuka Dar kwa shughuli, msiba au harusi, akarudi. Lakini tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, safari iliyokuwa ikila karibu siku nzima kwenye basi imekuwa ya saa nne hivi au pungufu. Watu wanaondoka Ijumaa jioni na Jumapili wako nyumbani. Ukiwa na siku mbili tu, kukuta bahari imechafuka au maji yametoka ufukweni ni hasara kamili.

Jambo moja huwashangaza wengi: Dodoma na Dar ziko karibu kwenye latitudo moja. Sisi tuko kama nyuzi 6.2 kusini mwa ikweta, wao 6.8. Jua la utosini tunalipata karibu wiki ile ile, mapema Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Kinachotutenganisha ni mwinuko na maji. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu kila unapopanda mita 1,000. Wao wana bahari inayohifadhi joto usiku na mchana, kwa hiyo Februari usiku wa Dar ni shida kushuka chini ya nyuzi 24, wakati huku kwetu ikifika saa nane za usiku unavuta shuka. Juu ya hapo kuna unyevu. Nyuzi 31 za Dodoma mwezi Novemba tunazitembelea kwa miguu bila kulalamika. Nyuzi 31 hizo hizo pale Kariakoo zinakulowesha shati kabla hujavuka barabara, maana jasho halipati hewa kavu ya kulikausha.

Sasa upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi, bara la Asia limepoa na hewa yake nzito inasukumwa kuja huku kwetu kutoka kaskazini mashariki. Hiyo ndiyo kaskazi. Kuanzia Mei hadi Oktoba mambo yanageuka: kusini ndiko kwenye baridi, na kusi inavuma kutoka kusini mashariki. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na hadi leo wavuvi wa Kunduchi na Kigamboni wanapanga mwaka wao kwa pepo hizo. Katikati ya pepo hizo mbili ndipo mvua zinapoingia: masika kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba.

Msimu ambao Dodoma nzima hushuka ni Juni na Julai. Bunge la bajeti linamalizika, shule zimefungwa, na maonesho ya Sabasaba yanafunguliwa (nasema yale ya barabara ya Kilwa, si soko letu la Sabasaba). Kwa mwili wa mtu wa Dodoma, hiki ndicho kipindi kizuri kuliko vyote. Ni kipupwe: mchana nyuzi 28 au 29, usiku 19 hivi, huku sisi tumeacha nyumbani baridi ya nyuzi 13 na upepo mkavu unaopasua midomo. Wenyeji wa Dar watakuwa wamevaa masweta, usiwacheke.

Ila bahari yenyewe wakati huo haina furaha. Kusi iko kwenye nguvu zake. Coco Beach imeikabili bahari moja kwa moja, hivyo mawimbi yanakuja makubwa na maji yanachafuka kwa mchanga. Mtoto aliyezoea kuona maji kwenye bwawa la Hombolo msimwache pale peke yake hata kwa dakika moja. Ukitaka kuogelea Julai, nenda upande wa Kunduchi na Mbezi Beach, ambako visiwa vya Mbudya na Bongoyo na miamba yake vinapunguza nguvu ya mawimbi. Boti ya kwenda Mbudya ipande asubuhi, kwani upepo huongezeka kadiri mchana unavyokua, na kurudi jioni huku maji yanakurukia usoni si starehe niliyoilipia nauli. Samaki nao hupanda bei soko la Feri, kwa sababu vyombo vidogo haviwezi kutoka mbali.

Anayeniuliza lini aende kwa ajili ya bahari, si kwa kukimbia baridi, namwambia Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba. Kusi imechoka, kaskazi haijafika, mvua za vuli bado, maji yanatulia na kuwa maangavu kiasi cha kuona vidole vyako vya miguu. Na hakuna msongamano, kwa kuwa shule zimefunguliwa. Sijui kwa nini kipindi hiki hakina sifa.

Hata ukichagua mwezi mzuri, bado unaweza kukosea siku. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza umeandama, jua na mwezi huvuta pamoja na kunakuwa na bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, na pwani ya Dar tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti hiyo ni ndogo. Hayo unaweza kuyasoma popote. Kinachomsaidia msafiri ni hiki: pwani yetu siku za bamvua huwa na saa zake zilezile mwaka mzima. Maji hutoka kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kama saa kumi au saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi hiyo ndiyo yamejaa.

Kwa hiyo tazama mwezi ukiwa bado Dodoma, hata kwa kutoka tu uani usiku. Kama ni mpevu, usiwaamshe watoto alfajiri kuwahi kuogelea. Mtakuta matope, mawe na akina mama wanaotafuta pweza. Itumieni asubuhi hiyo kutembea kwenye miamba mkiwa na viatu, maana mashakiwa, wale viumbe wa baharini wenye miiba, hayana huruma, kisha muogelee baada ya chakula cha mchana. Kama mwezi ni nusu, ogeleeni asubuhi. Bamvua kubwa kupita zote huja karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Mwezi unagusa hata sahani: dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, basi mbalamwezi ikiwa kali usishangae kuwakosa.

Masika nitayapitia haraka, maana ushauri wangu ni mfupi: Aprili kaa nyumbani. Mwezi huo peke yake Dar hupata kwa wastani zaidi ya milimita 200 za mvua, na Dodoma kwa mwaka mzima hatufiki mbali ya 600. Mto Msimbazi unapanda, Jangwani panafungwa, mabasi ya mwendokasi yanakatizwa. Tatizo ni kwamba Pasaka mara nyingi huangukia humo humo, na kwetu mvua inakuwa imeanza kukatika, kwa hiyo tunadhani na Dar imekatika. Mei nayo si ya kuiamini. Kimbunga Hidaya kilikaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, wakati Dodoma watu wanavuna. Unapotaka kuvuka kwenda Zanzibar miezi hiyo, sikiliza kwanza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi, ndipo ukate tiketi.

Desemba ina embe na wajukuu. Mvua za vuli zikiwepo, mara nyingi hunyesha kwa nguvu, zikapita, jua likarudi. Januari na Februari kaskazi imeshika, bahari ni nzuri, maji yana joto la nyuzi 28 au 29, na wavuvi wanarudi na jodari na nguru. Joto la nchi kavu ndilo linalotushinda. Hapo usichague nyumba ya kulala wageni kwa uzuri wa picha. Uliza dirisha linatazama wapi. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki na kusi kusini mashariki, kwa hiyo dirisha la mashariki hupata upepo karibu mwaka wote. Chumba cha magharibi kimepigwa na jua la alasiri, ukuta umelinywa joto lote, na utalirudishiwa usiku. Jua lenyewe, kwa taarifa yako, Dar huzama kama dakika 14 kabla ya Dodoma, na fukwe nyingi zinatazama mashariki, hivyo anayetaka kupiga picha likizama majini aende upande wa Slipway, Msasani, na kwa miezi hiyo ya Januari na Februari awe pale kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Kama chumba kilichobaki ni cha magharibi tu, washa feni kwanza uone inazungukaje, ndipo ulipe.